MATELA YA WATALII SINGIDA: YALITOKA WAPI, YALIPOTELEA WAPI, NA MATELA GANI YANAPITA SASA

Kuna swali limekuwa likizunguka vijiweni hapa mjini na kila mtu ana jibu lake, nimeona bora niliandikie makala kamili. Swali ni hili: yale magari ya wageni yanayokokota kijumba nyuma, yana hema juu na baiskeli za watoto zimefungwa pembeni, yanatoka wapi na yanakwenda wapi? Na mbona kuna kipindi yalipita sana halafu yakapungua ghafla?

Majibu ya kijiweni nayajua. Wengine wanasema ni watu wa madini wanapima ardhi kwa siri. Wengine wanasema ni maabara ya kutembea. Mzee mmoja alishawahi kuniambia ni wazungu waliofilisika kwao, wameuza nyumba sasa wanaishi kwenye tela. Teh teh teh. Huyo wa mwisho hayuko mbali sana na ukweli, nitaeleza.

Mwenzenu nimemaliza kidato cha nne, ajira bado natafuta kama wengi wenu mnaosoma hapa kwa buku ya saa moja. Ila mjomba wangu ana kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara ya Katesh, na mimi nimeshinda pale vya kutosha. Hivyo hayo matela nimeyaona kwa chini pia, siyo kwa kupishana nayo barabarani tu.

TELA LENYEWE

Tuanze na kitu chenyewe. Ni tela dogo, mara nyingi la magurudumu mawili, linalovutwa na Landcruiser, Hilux au gari lingine la aina hiyo. Ndani yake kuna jiko la gesi, tangi la maji, friji inayotumia betri, masanduku ya chakula, na hema linalofunguka kwa juu kama mwavuli. Mengine ni nyumba kabisa: kitanda, meza, dirisha, mlango. Familia inalala humo. Ndiyo maana nasema yule mzee hakukosea sana, wapo kweli wanaouza nyumba au kuipangisha ili waishi barabarani mwaka mzima. Hawajafilisika, wameamua.

Na siyo mambo ya jana. Mwaka 1959 Mmarekani anayeitwa Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya matela ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ya bati linalong'aa kutoka Cape Town mpaka Cairo. Walitumia miezi kama saba, wakafika mwaka 1960. Hebu fikiria matela 41 kwenye barabara za Afrika za miaka hiyo, kabla ya lami! Na kuna familia ya Argentina, Herman na Candelaria Zapp, waliondoka Buenos Aires Januari 2000 na gari la mwaka 1928 wakidhani ni safari fupi. Walirudi nyumbani Machi 2022. Watoto wanne walizaliwa humo safarini, na Afrika nayo waliipita. Wao walikuwa na hema juu ya gari, hawakuwa na tela, lakini ugonjwa ni ule ule.

Wengi wanaofika kwetu wanatoka Afrika Kusini, na Wazungu wa Ulaya walioleta magari yao kwa meli. Wanapanda Zimbabwe au Botswana, wanaingia Zambia, wanavuka Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma. Kutoka hapo wanataka Arusha, halafu Nairobi, na zamani mwenye moyo alikuwa anaendelea Ethiopia, Sudan mpaka Misri. Mpakani gari na tela vinaandikwa vyote. Wengine wanakuja na daftari la forodha linaloitwa kaneti, ambalo ni kama dhamana: ukiliuza gari ndani ya nchi ya watu bila kulipa ushuru, aliyekudhamini kule kwenu anadaiwa. Kwa hiyo wadau wanaouliza "hivi hawawezi kutuuzia lile tela?" jibu ni hapana, hawezi, na ukinunua umenunua kesi.

KWA NINI SINGIDA

Hapa sasa ndipo penye utamu, na wengi hatujui historia ya mji wetu wenyewe.

Enzi za Waingereza kulikuwa na njia iliyoitwa Great North Road, njia kuu ya kutoka kusini mwa Afrika kwenda kaskazini. Kwa Tanganyika ilipita Mbeya, Iringa, Dodoma, KONDOA, Babati, Arusha, ikatokea Namanga. Watu wa Arusha mpaka leo hujisifu kwamba mnara wao wa saa uko katikati kabisa ya Cape na Cairo, ubishi huo nawaachia wenyewe. Cha kuona ni kwamba Singida haimo kwenye orodha. Sisi hatukuwahi kuwa kwenye hiyo njia.

Ila kipande cha Dodoma, Kondoa mpaka Babati kilibaki vumbi kwa miaka mingi sana. Masika kilikuwa tope, kiangazi kilikuwa rasta tupu. Gari peke yake linaweza kuvumilia rasta, dereva anapunguza upepo kwenye matairi na kutafuta mwendo unaoelea juu yake. Tela haliwezi. Nimeona kwa macho yangu springi zilizovunjika, beringi zilizoungua mpaka zimebadilika rangi kuwa bluu, bolti zilizolegea zikadondoka moja moja bila dereva kujua. Tela liko nyuma, halilalamiki. Dereva anasikia muziki wake huko mbele, watoto wamelala, kumbe gurudumu moja linacheza.

Halafu upande wetu lami ikaja. Barabara ya Singida, Katesh, Dareda, Babati mpaka Minjingu, kilometa 223 na ushee, ilijengwa kwa vipande vitatu: Singida hadi Katesh kilometa 65, Katesh hadi Dareda karibu 74, na Dareda kupitia Babati hadi Minjingu karibu 85. Ilipofika mwaka 2012 kazi ilikuwa imekamilika. Na kwa kuwa Dodoma, Manyoni, Singida nako kulishakuwa lami, dereva wa tela akiwa Dodoma alikuwa na machaguo mawili: apite Kondoa kwa vumbi, au azunguke Singida kwa lami, zaidi kwa kama kilometa 150, lakini afike na tela lake likiwa zima.

Wakazunguka. Ndicho kile kipindi mnachokikumbuka. Waliingia mkoani kwetu Kintinku, wakapanda ukingo wa Bonde la Ufa pale Saranda wakati injini inahema, wakapita Manyoni, Issuna, Ikungi, wakaingia mjini wamechoka. Wengine walilala gesti, wengine walisogea pembeni ya Ziwa Singidani wakapiga picha mawe yetu na korongo, asubuhi wameshaondoka.

Mwaka 2018 barabara ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, kilometa 251, ilizinduliwa rasmi na Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli. Lami safi kupita Mayamaya, Mela, Bonga mpaka Babati. Na njiani kuna michoro ya miambani ya Kolo iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Barabara fupi, na kivutio kimekaa hapo hapo kando yake. Kwa nini mtu wa Dodoma anayekwenda Arusha apite Singida tena? Hana sababu.

Kwa hiyo wadau, hakuna aliyetuibia watalii. Tuliazimwa Great North Road kwa miaka kama sita, kati ya 2012 na 2018, kwa sababu jirani alikuwa anatengeneza ya kwake. Alipomaliza akaichukua. Hasira yangu mimi siyo kwa Kondoa, wale nao waliteseka na vumbi kwa muda mrefu. Hasira yangu ni kwamba katika hiyo miaka sita hatukuweka hata kibao kimoja barabarani chenye picha ya hema na mshale. Walikuja wenyewe bila kuitwa, wakapita, sisi tukabaki kubishana kama ni maabara au siyo maabara.

SASA ANGALIENI UPANDE WA NZEGA

Wengi tumeishia hapo: watalii wamehamia Kondoa, basi tena. Nawaambia hapana. Simameni siku moja pale kwenye njia panda ya kwenda Katesh muangalie matela yanatokea upande gani. Yaliyobaki hayatoki Dodoma. Yanatoka Shelui.

Sababu ni hizi. Kwanza, vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023 viliikata ile njia ya kwenda Misri kwa familia zenye watoto, na kabla ya hapo vita vya kaskazini mwa Ethiopia vilivyoanza Novemba 2020 vilishawatisha wengi. Mtu aliyekuwa anapanga kufika Cairo akabadilisha: anapanda mpaka Kenya, anaingia Uganda, anashuka Rwanda kuona sokwe, halafu anarudi kupitia Rusumo. Safari ya kwenda juu moja kwa moja ikageuka duara. Na duara hilo linapita Kahama, Nzega, Igunga, Shelui, SINGIDA.

Pili, kuna wanaozunguka kinyume. Wameanza na Zambia, wakapanda magharibi kupitia Sumbawanga, Mpanda, Tabora, au wamekaa Rwanda kwanza, na sasa wanataka Arusha. Kutoka huko mtu akitaka kufika Arusha ana njia mbili za maana. Moja inakatiza Serengeti na Ngorongoro. Ni nzuri hakuna ubishi, lakini mgeni mtu mzima kiingilio cha Serengeti peke yake kinaanzia dola 60 kwa siku bado VAT, bado gari la namba za kigeni, bado Ngorongoro. Piga hesabu ya baba, mama na watoto watatu. Na vumbi la huko lina rasta zile zile zinazoua tela. Njia ya pili ni kupita Singida, Katesh, Babati. Lami mwanzo mwisho, kiingilio hakuna. Ndiyo njia ya mabasi ya Mwanza kwenda Arusha, wenyewe mnayaona.

Kwa hiyo kwa njia ya kutoka Dodoma sisi ni kona isiyo na maana, ila kwa njia ya kutoka Ziwa na Rwanda kwenda kaskazini sisi ndiyo katikati. Na hii haikuazimwa na mtu. Hata Kondoa wakijenga lami ya njia nane haiwezi kuichukua, maana mtu wa Nzega kwenda Arusha kupitia Dodoma atakuwa anazunguka kama kichaa.

HESABU YA DEREVA MWENYE TELA

Nataka mwelewe kwa nini LAZIMA alale hapa, siyo kwamba anapenda sura zetu.

Nzega mpaka Singida ni zaidi ya kilometa 200. Singida mpaka Arusha ni kama 330. Jumla zaidi ya 530. Basi linakula hiyo kwa siku moja bila shida. Gari lenye tela siyo hivyo. Kila kijiji ni 50 kwa saa, na trafiki wana tochi, faini ni 30,000 kila kosa. Dereva mgeni anaogopa tochi kuliko simba. Ukichanganya vijiji, matuta, malori ya Rwanda na Kongo anayoshindwa kuyapita kwa sababu na yeye ni mrefu, wastani wake unakuwa kama 60 kwa saa. Hiyo ni saa tisa za kuendesha tu. Ongeza mtoto anayetaka kukojoa, chai, mafuta, trafiki anayetaka kuona pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Usiku hataki kuendesha kabisa, kuna ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoharibika katikati ya barabara yamewekewa matawi ya miti.

Halafu kuna Sekenke. Anayetoka Igunga anavuka mbuga ya Wembere, tambarare kama meza, ghafla anakutana na mlima. (Kwa wasiojua, dhahabu ya Sekenke ndiyo Wajerumani waliyotumia kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo kule Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imewabana. Leo wenye kukusanya sarafu wanazitafuta kwa tochi.) Kupanda Sekenke na tani moja nyuma yako injini inachemka. Kushuka ni mbaya zaidi. Ulaya na Afrika Kusini tela lisilozidi kilo 750 linaruhusiwa kutokuwa na breki zake, maana yake breki za gari ndizo zinazobeba mzigo wote. Asiyejua anashuka huku amekanyaga breki muda wote, zinapata moto, zinaanza kunuka, halafu hazishiki. Anayejua anaingiza gia ndogo juu kabisa KABLA ya kushuka na kuiacha injini imshikilie. Wenye malori wa hapa kwetu wanalijua hilo usingizini.

Na upepo. Upepo wa Singida mnaujua, si bure kila mwaka tunasikia habari za umeme wa upepo. Tela refu likipigwa upepo wa ubavu linaanza kutikisa mkia kama mjusi. Hapa kuna siri moja mjomba amewaambia wageni wengi kwa vitendo maana kizungu hakipandi: ulimi wa tela, yaani ile sehemu ya mbele inayoshika gari, unatakiwa kubeba kama asilimia 10 ya uzito wa tela lote. Ukipakia vitu vizito nyuma, mfano madumu ya maji na mafuta, ulimi unakuwa mwepesi, tela linaanza kuyumba ukifika 80, na ukilifuata kwa usukani unaliongeza. Dawa ni kuachia mafuta taratibu, usukani uunyooshe, usikanyage breki kwa pupa. Ukisimama hamisha madumu mbele ya ekseli. Tumeshawahi kupanga upya tela zima la familia moja pale kibandani, mama, baba na watoto wanashusha masufuria, majirani wamejaa kama kwenye mnada. Hawakuwa na pancha hata moja. Walilipa, wakanunua na kuku.

Kwa hiyo akifika hapa saa tisa au kumi alasiri, amepanda Sekenke, amepigwa upepo, Katesh bado kilometa 65 na Babati ni kama 160. Mtu huyo HAENDI. Anatafuta pa kulala. Swali ni analala kwa nani.

ANATAFUTA NINI HASA

Hapa wengi tunakosea. Tunadhani mtalii anataka hoteli ya ghorofa. Huyu wa tela kitanda anacho, jiko analo, anaweza hata kuwa na mashuka masafi kuliko yako. Anachokosa ni vitu vitano hivi: uwanja ulio sawa (tela likiinama mnalala mmebingirikia upande mmoja), geti pana la kuingia bila kurudi nyuma, maji, choo na bafu safi, na mlinzi wa usiku. Cha sita ni ukimya. Ukimlaza kando ya baa yenye spika mpaka saa nane usiku, kesho ataandika, na dunia nzima itasoma.

Hilo la geti msilidharau. Kurudi nyuma na tela ni kazi: ukitaka tela liende kulia unakata usukani kushoto, kwa hiyo dereva aliyechoka akiona uwanja wa kuingilia na kutokea hapo hapo kwa kurudi nyuma, anapita.

Nani anavyo hivyo? Gesti nyingi tu za hapa zenye ua mkubwa nyuma, ule unaolala wazi au unaoanikwa alizeti. Mwenye gesti leseni anayo tayari. Haanzi upya, anaongeza huduma. Akiweka kwa mfano 15,000 kwa mtu mzima na nusu kwa mtoto, familia ya watu watano ni 52,500 kwa usiku, bila kufua shuka hata moja. Bei hiyo ni ya mfano wangu tu, kila mtu atapima mwenyewe. Anayetaka kuanza kambi mpya kabisa kando ya ziwa ajue mambo mawili: biashara ya kulaza watalii inasajiliwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Usije ukajenga bafu kwenye maji ya Singidani au Kindai halafu ukaja kulia huku kwenye komenti.

Sasa kazi ya kijana asiye na ua wala gesti. Wasafiri hawa hawasomi mabango, wanasoma simu. Wanatumia ramani za Tracks4Africa na aplikesheni inayoitwa iOverlander, ambamo msafiri anaandika: hapa nimelala, maji yapo, choo kisafi, mwenye mahali ni mkarimu, na vipimo vya ramani anaviweka. Anayefuata anakwenda moja kwa moja. Kuingiza sehemu mpya ni bure, ni dakika 20 za kafe. Ukimwingizia mwenye gesti sehemu yake, ukampiga picha za geti na choo, ukaandika kizungu cha kueleweka, hiyo ni kazi halali ya kulipwa. Ila andika ukweli. Ukisema maji ya moto yapo na hayapo, maoni ya kwanza tu yanakumaliza.

Na cha kuuza kipo tele, shida ni vipimo vyetu. Familia ya tela haiwezi kununua dumu la lita 20 la alizeti wala gunia la vitunguu, hawana pa kuweka na tumeshasema uzito ni adui. Lita moja ya mafuta iliyofungwa vizuri isiyovuja, nusu kilo ya asali ya Itigi, vitunguu kilo moja, kuku aliyekwisha kuchinjwa na kunyonyolewa. Kuku hai hataki, watoto wake watampa jina na hapo biashara imekwisha.

Nisisahau Katesh. Wasafiri wengi wakiuona Mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400, wanataka kuupanda, na baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliyoua watu zaidi ya 80, wengi huuliza kwanza kama njia ni salama. Watu wa kuwajibu wako Katesh kwenyewe, siyo kijana wa Singida anayekisia. Wakikuuliza, waelekeze wakaulize huko, hasa wakati wa mvua.

KWA NDUGU ZANGU WA BODABODA

Hili ni fupi ila ni la roho za watu. Gari lenye tela likikupita, usijue limemaliza kupita mpaka uone taa za nyuma za TELA. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja boda anakata barabara baada ya gari kupita, kumbe kuna chuma kingine kinakuja nyuma yake mita mbili. Tela likikata kona linaingia ndani zaidi kuliko gari lenyewe, kwa hiyo usijibanze kwenye kona upande wa ndani. Na likiwa mteremkoni usiruke mbele yake ukifikiri litasimama kama Noah. Halisimami. Waambieni na watoto wanaokimbilia kupunga mkono: wapunge wakiwa upande wao wa barabara, wasivuke.

Haya, mwenye ua ulio sawa na geti pana aache komenti hapa chini, ataje mtaa, kama maji yapo, na kama kuna baa jirani. Jumamosi nitakuwa kafe asubuhi, nitaanza kuziingiza kwenye ramani moja moja, wa kwanza watatu siwatozi.